Kuwasaka Sokwe Bila Silaha: Maandalizi ya Safari Yako ya Kwanza Cyamudongo

Kabla hujafikiria kamera wala viatu, kagua kifua chako. Sokwe mtu huambukizwa mafua na vikohozi vyetu, na ugonjwa unaotulaza sisi siku mbili unaweza kumuua yeye. Kule Ngogo, ndani ya msitu wa Kibale nchini Uganda, sokwe 25 walikufa kati ya mwisho wa 2016 na mwanzo wa 2017 kwa kirusi cha binadamu ambacho kwetu huleta makamasi, kikohozi na homa kidogo. Kwa hiyo sharti la kwanza la safari hii ni hili: ukiwa na mafua, koo linalowasha, homa au tumbo la kuhara, usiende. Hata kama umeshalipa, hata kama umesafiri siku nzima kutoka Kigali, mwambie mwongozaji ukweli kabla hajauliza. Uliza mapema, wakati wa kulipia, utaratibu ukoje kwa mtu aliyeugua, ili siku yenyewe pesa isikushawishi kunyamaza.

Nimeiita safari hii msako kwa sababu kazi yake ni ya mwindaji, kasoro risasi. Utaamka gizani, utafuata alama za mnyama asiyekungoja, utapanda na kushuka bila kujua mwisho wa njia, na unaweza kurudi mikono mitupu. Anayejiandaa kama mtalii wa kwenda kuangalia maporomoko ya maji atateseka. Anayejiandaa kama mwindaji atafurahi hata siku ikiwa ngumu.

Cyamudongo ni kipande kidogo cha msitu wa asili, kama kilomita 4 za mraba hivi, kilichobaki juu ya milima ya wilaya ya Rusizi, nchini Rwanda. Zamani kiliungana na msitu mkubwa wa Nyungwe. Leo kati ya misitu hiyo miwili kuna mashamba, chai na vijiji, lakini kisheria Cyamudongo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe, na ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO Septemba 2023. Ukisimama ukingoni utaona jambo linalohuzunisha na kustaajabisha kwa pamoja: mihogo na migomba imepandwa mpaka mguuni mwa miti mikubwa, na ndani ya miti hiyo linaishi kundi zima la sokwe, wanaoitwa impundu kwa Kinyarwanda. Hawana pa kuhamia.

Uwindaji wenyewe ulishafanya yake huku. Nyati walimalizwa Nyungwe miaka ya 1970. Tembo wa mwisho aliuawa 1999. Mpaka leo watu hutega vitanzi vya waya kwa ajili ya funo na nguruwe mwitu, na sokwe hunaswa humo bila kukusudiwa. Akinusurika, mara nyingi hubaki na kiganja kilichokatika au mguu uliopooza. Kuwinda ndani ya hifadhi ni kosa la jinai nchini Rwanda. Ukiona waya umefungwa kwenye mti mchanga uliopindwa, usiuguse wala usiufungue mwenyewe. Mwonyeshe mwongozaji, atajua la kufanya na atataka kukumbuka mahali.

Kibali

Tangu 2020 Nyungwe inaendeshwa na shirika la African Parks kwa mkataba wa miaka 20 na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB. Kibali cha kuwatafuta sokwe hupatikana kupitia hifadhi yenyewe au RDB, na kampuni za utalii za Kigali na za Kamembe, mji wa wilaya ya Rusizi, zinaweza kukuchukulia. Kama wewe ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, au mgeni mwenye kibali cha kuishi Rwanda, sema hivyo kabla ya kutajiwa bei, na uwe na kitambulisho au pasipoti mkononi. Bei yako na ya mgeni kutoka Ulaya hazifanani, na wanaolipa zaidi bila sababu ni wale wasiouliza.

Uliza pia mambo matatu kwa simu. Utapelekwa Cyamudongo au upande wa Uwinka, ndani ya msitu mkubwa? Sokwe wanatafutwa sehemu zote mbili, na mpangilio wa siku hubadilika kabisa. Mnakutana wapi: ofisi ya hifadhi iliyoko Gisakura au ukingoni mwa msitu? Na usafiri ni wa nani? Swali hili la mwisho ndilo huwaumbua wengi. Barabara ya lami kutoka Kamembe kupitia mashamba ya chai hadi Gisakura ni nzuri, lakini ya kwenda Cyamudongo ni ya udongo, yenye kona na miteremko, na mvua ikinyesha usiku inageuka utelezi mtupu. Gari dogo la kukodi litakwama. Pikipiki itakufikisha siku ya kiangazi, ila alfajiri yenye ukungu sikushauri. Tafuta gari lenye nguvu ya magurudumu manne na dereva wa hukuhuku Rusizi, na mlipe kiasi cha kumfanya alale mapema.

Umri nao una mpaka. Watoto wadogo hawapokelewi. Kundi la wageni ni dogo, kwa kawaida halizidi watu wanane, kwa hiyo miezi ya Juni, Julai na Agosti, ambayo ndiyo kiangazi na ndiyo msimu wa wageni wengi, weka nafasi mapema. Miezi ya mvua za itumba, Machi hadi Mei, nafasi hupatikana kirahisi zaidi, na bei yake utailipa kwa matope.

Miguu na pumzi

Mtu wa pwani asidanganywe na udogo wa Cyamudongo. Kilomita nne za mraba zilizosimama wima si haba. Kamembe yenyewe iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na msituni utapanda juu zaidi ya hapo, kwenye njia ambayo mara nyingi si njia bali ni mahali mwongozaji alipopasua vichaka sasa hivi. Sokwe akiamua kuhama bonde, anavuka kwa dakika chache. Wewe unashuka mpaka kwenye kijito, unapanda upande wa pili kwa kushika mizizi, na ukifika juu unasikia wamesharudi kule ulikotoka.

Mwezi mmoja kabla, anza kupanda. Kama unaishi Kamembe huna kisingizio: shuka bandarini kwenye Ziwa Kivu kisha upande mjini bila kupumzika, mara mbili tatu kwa wiki, siku nyingine ukiwa na mfuko wa kilo tano mgongoni. Kama uko Dar es Salaam au Mombasa, tumia ngazi za jengo refu, na zishuke kwa miguu vilevile, maana magoti huumia kwenye kushuka. Ukitoka pwani fika Rusizi angalau siku moja kabla, ulale, mwili uzoee hewa na baridi.

Mavazi yana mantiki ya msitu wa mvua. Suruali ndefu ya kitambaa kizito kisichonywa maji. Jinzi ikilowa inakuwa mzigo na haikauki siku hiyo. Shati la mikono mirefu hata kama kuna jua. Soksi ndefu nene, na ncha za suruali uzichomeke ndani ya soksi, kwa sababu siafu wa Nyungwe hawaulizi. Ukiwakanyaga watapanda kimyakimya mpaka kwenye nyonga ndipo waanze kuuma wote, na hapo utavua mbele za watu. Glavu nyepesi za bustani ni msaada mkubwa. Utashika kila kitu, na miongoni mwa kila kitu kuna igisura, jani linalochoma kama moto na kuacha vipele kwa masaa. Viatu viwe buti za kupandia milima zilizokwishazoeana na mguu wako. Buti za mpira zinazouzwa sokoni Kamembe zinafaa siku ya matope makali, mradi ziwe na meno chini na zisicheze mguuni. Usivae kiatu kipya siku hiyo. Rangi ziwe za kutulia: kijani, kahawia, kijivu.

Koti la mvua libebe mwezi wowote. Hata Julai, Nyungwe hujitengenezea mawingu yake. Na hapa kuna jambo wageni husahau: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mpakani au uwanja wa ndege utanyang'anywa ile uliyofungia simu na nguo. Nunua mfuko maalumu usiopitisha maji, wa kutumika miaka, au tumia kopo lenye mfuniko. Maji yabebe kwenye chupa ya chuma au ya plastiki ngumu, lita mbili zinatosha.

Chakula kiwe kikavu na kisicho na harufu kali: mayai ya kuchemsha, chapati, karanga, ndizi. Samaki aina ya sambaza wa kukaanga wa Kamembe ni watamu mno, lakini wale jioni ya kurudi. Usile mbele ya sokwe wala karibu nao, na usiache ganda la ndizi wala la yai msituni. Kitu kilichopita mdomoni mwako kinabeba mate yako.

Usiku wa kuamkia

Weka saa yako sawa. Rwanda iko nyuma ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa saa moja, na simu isiyojibadilisha yenyewe imewahi kuwakosesha watu safari. Ukiambiwa saa kumi na moja alfajiri, thibitisha kwamba wote wawili mnamaanisha saa ileile, hasa kama mmoja anahesabu kwa Kiswahili na mwingine kwa Kifaransa au Kiingereza. Kutoka Kamembe, anayetakiwa kuwa msituni alfajiri huondoka kukiwa giza totoro.

Sababu ya haraka yote hii ni kitanda. Sokwe hulala juu ya mti kwenye kiota anachokijenga upya kila jioni kwa kupinda matawi na kuyakalia. Wafuatiliaji wa hifadhi jana yake hukaa na kundi mpaka liingie vitandani, halafu huwahi mahali hapo kabla halijaamka. Ukichelewa nusu saa, sokwe wameshashuka, wameshakojoa na kuondoka, na msako unaanza kutoka kwenye kitanda kitupu.

Usijipulizie manukato. Dawa ya mbu ipake ukiwa bado nyumbani. Simu iwe kimya na mwanga wa kamera uuzime kabisa, uuzime leo usiku ukiwa umetulia, usisubiri ukiwa na mikono inayotetemeka mbele ya dume. Barakoa beba mbili, kwa sababu moja italowa jasho.

Msituni

Mwongozaji atakupa fimbo. Ichukue. Kijana mwenye miguu mizuri huona aibu kubeba fimbo, na saa moja baadaye anaiokota ya mwenzake. Kama kuna wabebaji wa mizigo, mkodi mmoja. Unapata mkono wa kukuvuta juu na familia moja ya kijijini inapata mshahara wa siku.

Kisha sikiliza. Kazi kubwa ya msako huu hufanywa na masikio, kwa sababu Cyamudongo ni msitu mnene na macho hayaoni zaidi ya hatua ishirini. Sauti ya kwanza kuifahamu ni ule mlio unaoanza chini kwa pumzi nzito, huu, huu, huu, ukapanda na kupasuka kuwa kelele ya wengi. Huo ni wito wa kujulishana, mara nyingi wanapokuta mti wenye matunda. Sauti ya pili ni ngoma: dume hupiga kwa miguu na viganja mizizi mipana inayosimama kama ubao chini ya miti mikubwa, na mdundo wake husikika bonde la pili. Usiuige mlio wowote kati ya hiyo, hata kwa mzaha. Ukishasikia, usipige kelele za furaha. Inua mkono, mwongozaji atakuona.

Katikati ya sauti na sauti kuna kusoma ardhi. Sokwe hutembea akiegemea vifundo vya vidole, na kwenye matope alama huwa nne zilizopangwa mbele ya nyayo ya mguu. Kinyesi chake kikiwa kibichi kimejaa mbegu ndogo za mtini. Ila alama ninayoipenda kuliko zote ni kishungi: sokwe hujaza mdomo matunda ya mtini, huyakamua kwa mdomo wa chini na meno mpaka maji yaishe, kisha hutema donge lililobanwa, la kahawia, lenye umbo la ndani ya mdomo wake. Mwongozaji akikuonyesha, litazame bila kuligusa. Likiwa linang'aa kwa mate na nzi hawajalijaa, wako juu ya kichwa chako au wameondoka sasa hivi. Likiwa limekauka pembezoni, mna mwendo.

Mtini ndiyo siri ya siku nzima. Mti mmoja mkubwa ukiiva unaweza kuliweka kundi pamoja asubuhi yote, na hapo utaona sokwe wengi bila kukimbia. Matunda yakiadimika, kundi hutawanyika vikosi vidogo, wawili huku, watatu kule, na utatembea sana kwa kuona mgongo mweusi ukipotea majanini. Muulize mfuatiliaji asubuhi: miti gani imeiva? Jibu lake litakuambia zaidi utembee vipi kuliko utabiri wowote wa hali ya hewa.

Mwongozaji akisimama ghafla, simama. Akisema, "Mama, tusubiri kidogo hapa," usimpite ili uone vizuri zaidi. Anasikiliza jambo ambalo wewe hujajifunza kulisikia.

Saa moja

Wakionekana, barakoa inapanda mpaka juu ya pua na saa inaanza kuhesabiwa. Unaruhusiwa saa moja tu. Umbali ni kama mita 10, na ukiambiwa urudi nyuma unarudi, hata kama ni mtoto wa sokwe aliyesogea mwenyewe kukuangalia. Usimnyooshee kidole wala fimbo. Dume akija mbio akivuta matawi na nywele zimesimama, usikimbie: jibanze kwenye mti, shuka chini kidogo, tazama pembeni, umwache apite. Mara nyingi ghadhabu ile inawahusu wenzake, wewe uko njiani tu. Ukipaliwa na kikohozi, geuka na ukohoe kwenye kiwiko, na barakoa ibaki usoni.

Kwa kamera nakushauri uiweke chini dakika za mwanzo. Sokwe ni weusi, wako juu, nyuma yao kuna anga jeupe. Picha yako ya kwanza itakuwa kivuli. Tazama kwanza nani ni nani: mama mwenye mtoto aliyening'inia tumboni, kijana anayemwogopa kila mtu, mzee mwenye upara anayeachiwa tawi zuri. Ukishawajua, utajua pia wapi pa kusubiri, nao mwanga utakuja. Darubini ndogo itakupa zaidi ya lenzi ya bei mbaya.

Na wasipoonekana? Kibali ni cha kutembea na kutafuta. Kundi la hapa halijazoea watu kama la Kibale au lile la Gombe nchini Tanzania, ambako mtafiti Jane Goodall alifika 1960, na zipo siku msitu unanyamaza toka alfajiri mpaka adhuhuri. Siku kama hiyo mwombe mwongozaji akuonyeshe mengine, maana Nyungwe ina aina 13 za nyani, kima na jamaa zao. Gisakura, kwenye kisiwa cha msitu kilichozungukwa na chai, huwa kuna mbega weusi wenye mabega meupe, na huko kutembea ni kwepesi. Mbega wa Nyungwe hukusanyika mamia kwa pamoja, jambo ambalo ni nadra kwa mbega wa sehemu nyingine.

Ukishuka, toa matope yote kwenye viatu kabla ya kupanda gari, na ukifika ulipolala vioshe kwa sabuni uvianike. Ukianza kukohoa siku mbili tatu baadaye, wapigie simu hifadhini uwaambie ulikuwa na kundi gani na siku gani, wapate kuliangalia kwa makini.

Sehemu ya ulicholipa inabaki hapa: tangu 2017 Rwanda hutenga asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa jamii zinazozizunguka, kutoka asilimia 5 ya awali, na kwa kijiji kinacholima mpaka ukingoni mwa Cyamudongo fedha hizo ni sababu mojawapo ya kuvumilia sokwe anayeingia shambani. Bakshishi ni hiari yako. Ukitoa, igawe, usimpe mwongozaji peke yake. Ulizia waliko wafuatiliaji, wale ambao hukutembea nao kwa kuwa walikuwa msituni tangu usiku wakikushikia kundi, na uhakikishe fungu lao linawafikia.